Fuwele ya Matabaka Ndani ya Mfuko wa Saruji

Mhadhara kwa walimu, mafundi ujenzi na wanafunzi wa sekondari, Mkunya, Newala

 

Nimeombwa nizungumzie miundo ya fuwele za oksaidi za metali, hasa zile za matabaka zinazotokana na ukoo uitwao perovskaiti. Mtu mmoja aliniuliza kama somo hilo si zito mno kwa huku. Nikamjibu kwamba lilishafika kabla yangu. Limo kwenye sakafu mnayoikanyaga, limo kwenye lipu ya ukuta huu, na limo kwenye kuta za visima vya kuvunia maji ya mvua mlivyochimba nyuani kwenu. Tutalifikia. Kwanza tuifahamu fuwele yenyewe.

Fuwele ni kitu kigumu ambacho atomu zake zimejipanga kwa utaratibu mmoja unaojirudia pande zote. Chumvi ni fuwele. Salfa tunayopuliza kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga ni fuwele, ingawa imesagwa ikawa vumbi. Kioo cha dirisha si fuwele, kwa sababu atomu zake ziliganda kabla hazijapata nafasi ya kujipanga. Utaratibu huo hauonekani kwa jicho wala kwa hadubini ya shuleni. Ulidhihirika mwaka 1912, Max von Laue na wenzake mjini Munich walipopitisha eksirei kwenye fuwele wakapata madoa yaliyopangika kwenye bamba la picha. Mwaka uliofuata Mwingereza William Bragg na mwanawe Lawrence wakaonyesha jinsi ya kuyasoma madoa hayo mpaka ukajua kila atomu imekaa wapi. Baba na mwana walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1915, na mwana alikuwa na umri wa miaka 25. Hili nalisema kwa ajili ya wale wa kidato cha nne wanaodhani sayansi ni kazi ya wazee wenye mvi.

Sasa perovskaiti. Mwaka 1839 Gustav Rose, mtaalamu wa madini kutoka Ujerumani, alieleza jiwe jipya lililotoka milima ya Ural nchini Urusi, akalipa jina la Lev Perovski, mkubwa wa serikali ya huko aliyependa kukusanya madini. Jiwe hilo ni oksaidi ya kalsiamu na titani. Tanzania tunalo: chembechembe zake zimo katika miamba na majivu ya volkano za Kerimasi na Oldoinyo Lengai, kule karibu na Ziwa Natron. Hapa juu hatuna. Mchanga wetu mwekundu ni kwatzi, na wekundu wake ni kutu ya chuma iliyozivika chembe za mchanga. Ila mkichimba chini ya mchanga huo, mkapita chini ya tabaka la mwamba, mkaendelea hadi kilomita 660 kwenda chini, mtaanza kukuta jamaa wa perovskaiti mwenye magnesi na silika, na mtaendelea kumkuta hadi karibu kilomita 2,700. Ndiye madini yaliyo mengi kuliko yote katika dunia hii, na bado alikaa bila jina rasmi hadi mwaka 2014, alipopatikana ndani ya kimondo kilichoanguka Tenham, Australia, mwaka 1879. Anaitwa brijimanaiti.

Tazameni mfano huu mezani. Wanafunzi wameufinyanga kwa udongo na vijiti vya mianzi, na naomba usishikwe kabla haujakauka. Donge dogo jeusi ni titani. Limezungukwa na madonge sita mekundu ya oksijeni: moja juu, moja chini, na manne kwa pande nne. Ukiziunganisha oksijeni hizo sita kwa uzi unapata umbo la nyuso nane, yaani piramidi mbili zenye kitako kimoja. Angalieni ncha za umbo hilo. Kila ncha ni oksijeni moja inayomilikiwa na majirani wawili, wa huku na wa kule. Kwa hiyo titani moja, ingawa imeshika oksijeni sita, kwa haki yake ina nusu ya sita, yaani tatu. Hapo ndipo fomula ya CaTiO3 inapotoka. Na pale maumbo manane yanapokutana hubaki chumba, na humo ndimo lilimo donge kubwa jeupe, kalsiamu.

Muundo wenyewe ni huo tu, hauna siri nyingine. Ajabu yake ni uvumilivu. Chumbani unaweza kuweka kalsiamu, strontiamu, bariamu, lanthani, risasi. Katikati ya umbo la nyuso nane unaweza kuweka titani, chuma, kobalti, nikeli, shaba, niobi. Mwaka 1926 Victor Goldschmidt, akiwa Oslo, alitoa kanuni inayotumika mpaka leo: pima ukubwa wa wakazi, uulinganishe na ukubwa wa chumba, utajua kama nyumba itasimama. Mkazi akiwa mdogo kuliko chumba, maumbo ya nyuso nane huinama kidogo ili kumbana. Kalsiamu ni ndogo kidogo, kwa hiyo hata perovskaiti ya asili, yenye kuupa ukoo wote jina, haina mchemraba ulionyooka. Strontiamu inatosha, na hapo mchemraba hunyooka barabara. Titaneti ya bariamu, ambayo Helen Megaw alitangaza muundo wake mwaka 1945, ina chumba kikubwa zaidi, na titani iliyomo katikati huweza kusogea pembeni. Kusogea huko ndiko kunakoifanya ihifadhi chaji ya umeme vizuri. Simu uliyo nayo mfukoni ina kapasita ndogondogo kwa mamia zilizotengenezwa kwa kitu hicho.

Huo ni mchemraba unaojirudia juu, chini na pande zote bila kukatika. Matabaka huanza pale unapoukata.

Kuna namna kadhaa za kukata, nami nitazipitia haraka. Mwaka 1949 Msweden Bengt Aurivillius alieleza oksaidi ambamo vipande vya perovskaiti vimetenganishwa na tabaka la bismathi na oksijeni. Mwaka 1957 S. N. Ruddlesden na P. Popper wakaonyesha kwamba tabaka moja la maumbo ya nyuso nane likiwekewa oksaidi ya strontiamu ya ziada, kisha tabaka linalofuata likasogezwa nusu hatua, matokeo yake ni Sr2TiO4. Ukiweka matabaka mawili kabla ya kukata unapata Sr3Ti2O7. Matatu ni Sr4Ti3O10. Usipokata kabisa umerudi kwenye SrTiO3. Katika miaka ya 1980 wakaja Michel Dion na Allan Jacobson na jamii yao, ambamo kinachotenganisha vipande ni metali za ukoo wa potasiamu, nazo hazijashikwa sana; waweza kuzitoa ukaweka nyingine huku matabaka yakibaki yamesimama.

Njia zote hizo hukata kwa kuongeza kitu katikati. Iko njia nyingine ambayo hukata kwa kupunguza, nayo ndiyo iliyonileta Mkunya.

Chukua perovskaiti, uondoe oksijeni moja katika kila sita. Usiondoe ovyo. Tabaka la kwanza liache kamili, na maumbo yake ya nyuso nane. Katika tabaka la pili, oksijeni zilizolala kati ya metali na metali ziondoe nusu yake, kwa mistari iliyonyooka. Metali za tabaka hilo zilikuwa na majirani sita. Sasa zimebaki na wanne, na maumbo yao yamekuwa ya nyuso nne, yamejipanga kwa minyororo. Tabaka la tatu kamili. La nne pungufu. Fundi mwashi aliyewahi kujenga stoo ya korosho anaijua kazi hii: kozi moja ya tofali nzima, kozi inayofuata imeachiwa matundu ya hewa kwa mpangilio, kozi nzima tena. Muhimu ni kwamba matundu yamepangwa. Yangekuwa yametawanyika hovyo, kusingekuwa na matabaka.

Fuwele yenye mpangilio huo inaitwa braunmileraiti. Chumbani mna kalsiamu. Mahali pa titani pana chuma na alumini: chuma hupendelea tabaka kamili lenye majirani sita, alumini hupendelea tabaka pungufu lenye majirani wanne, ingawa huchanganyikana. Fomula yake ni Ca2AlFeO5. Jina limetokana na Lorrin Thomas Brownmiller, mkemia wa kampuni ya saruji ya Alpha Portland ya Pennsylvania, Marekani, ambaye mwaka 1928, pamoja na Hansen na Bogue, alichapisha uchunguzi wa oksaidi za kalsiamu, alumini na chuma zikichomwa pamoja. Ikachukua hadi mwaka 1964 ndipo fuwele hiyo ikapatikana kama madini ya asili, kwenye volkano moja ya eneo la Eifel, Ujerumani. Mambo mengi ya jiolojia hutoka mlimani kwenda kiwandani. Hili lilitoka kiwandani kwenda mlimani, na mimi huwa nalipenda kwa sababu hiyo.

Tuingie basi kiwandani. Kwa miaka mingi saruji ya huku kwetu ilitoka mbali. Kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kimefanya kazi tangu mwaka 1966, lakini kati yake na sisi ulikuwepo mto Rufiji uliovukwa kwa kivuko mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, na baada ya mto ilikuwepo barabara ambayo wazee hapa hawahitaji kuelezwa ilikuwaje masika. Mwaka 2015 kikazinduliwa kiwanda cha Dangote cha Mtwara, chenye uwezo wa kutoa tani milioni 3 kwa mwaka. Chokaa yake inachimbwa pale pale.

Kichomwacho ni mawe ya chokaa yaliyosagwa pamoja na udongo, na chuma kidogo. Tanuri ni bomba kubwa la chuma lililolala kwa mteremko, linazunguka polepole, moto ukiwa upande wa chini. Mchanganyiko unapoteremka, kwanza chokaa hutoa hewa ya kaboni, kwenye nyuzijoto kama 900. Halafu, zinapofikia nyuzijoto 1,340 hivi, alumini na chuma pamoja na sehemu ya kalsiamu huyeyuka. Ni kiasi cha robo tu ya mzigo, lakini robo hiyo ndiyo inayoiokoa kazi. Ndani ya ule uji, kalsiamu na silika hukutana kwa urahisi na kuunda silikati zinazoipa saruji nguvu. Bila uji huo ungehitaji moto mkali zaidi sana. Ndiyo maana saruji nyeupe, ambayo haitakiwi kuwa na chuma, huchomwa kwa moto mkali zaidi na kuuzwa ghali. Mzigo hufika kilele cha nyuzijoto 1,450, kisha hutoka nje na kupozwa. Hapo uji huganda. Sehemu yake inakuwa fuwele za aluminati, na sehemu iliyo na chuma inakuwa braunmileraiti.

Kinachotoka ni vijiwe vyeusi-kijivu viitwavyo klinka. Ninacho kimoja hapa, kimekatwa katikati na kung'arishwa, na kimewekwa chini ya hadubini ya mwanga unaoakisiwa. Piteni mmoja mmoja mkitazame. Mtaona vipande vikubwa vyenye kona, vingine karibu vya pembe sita. Hivyo ni silikati ya kwanza, inayoshika haraka. Mtaona vingine vya mviringo vyenye mistari myembamba. Hiyo ni silikati ya pili, ambayo huchelewa lakini huendelea kukomaa kwa miezi. Katikati ya vipande hivyo, kwenye nyufa zote, kuna kitu kinachong'aa kuliko vyote. Hiyo ndiyo braunmileraiti. Umbo lake linaonyesha historia yake: imejaza mapengo kwa sababu ilikuwa majimaji wakati wenzake walishakuwa mawe. Mwaka 1897 Msweden mwingine, Törnebohm, alitazama klinka kwa hadubini kama mnavyoitazama sasa, akavipa vitu hivyo majina ya alaiti, belaiti, selaiti na felaiti kwa kufuata herufi tu, kwa kuwa hakujua vimeundwa na nini. Kile kinachong'aa alikiita selaiti. Ilibidi wengine wapige hesabu kwa miaka 30 zaidi.

Kipande kinachong'aa chenye upana wa mikromita 10, yaani sehemu ya mia ya milimita, kina matabaka kama 27,000, kamili na pungufu kwa zamu. Katika klinka ya kawaida braunmileraiti huwa kati ya asilimia 5 na 15. Mfuko wa kilo 50 wenye klinka ya kilo 40 utakuwa nayo kilo 4 hivi. Sasa pigeni hesabu ya mifuko iliyoingia kwenye jengo hili.

Nisiwadanganye: nguvu ya ukuta haitoki humo. Inatoka kwenye silikati, ambazo ni zaidi ya robo tatu ya klinka. Braunmileraiti hufanya kazi yake kubwa tanurini, na ikishaingia kwenye mfuko huwa mtu wa taratibu. Ikikutana na maji na jasi, hujibadili polepole kuwa fuwele nyingine zenye maji ndani yake. Kwa saruji za kuhimili chumvichumvi za salfeti ardhini, viwanda huongeza chuma makusudi ili alumini nyingi iingie kwenye braunmileraiti isibaki kwenye aluminati, maana aluminati ndiyo inayoliwa na salfeti. Huo upole wake wa kujibadili ndio unaotafutwa hapo.

Na hapa niombe radhi kwa walimu, kwa sababu nataka kuzungumza na mafundi kwa dakika chache kuhusu maji.

Uwanda wetu unajulikana kwa kukosa maji. Mvua inanyesha, mchanga unaimeza, na chemchemi ziko chini bondeni. Karl Weule, mtafiti wa Kijerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, aliandika habari za shida hiyo ya maji. Mabomba ya kupandisha maji kutoka chanzo cha Mitema yalikuja baadaye sana, na hata leo mwenye bati hujenga kisima cha kuvunia mvua, anakisakafia, anakipiga lipu na niru, na kungoja Desemba. Kisima hicho ni saruji inayoshika maji kwa ajili ya binadamu. Lakini kabla ya hapo saruji yenyewe inahitaji maji, na mahali penye shida ya maji ndipo inaponyimwa.

Wengi wetu tunadhani saruji inakauka. Haikauki. Inakunywa. Kila fuwele ya klinka niliyoitaja huchukua maji na kuyafunga ndani ya fuwele mpya. Mfuko wa kilo 50 ukiiva sawasawa hufunga moja kwa moja zaidi ya lita 10 za maji. Hayo hayarudi tena, yamekuwa jiwe. Maji mengine mnayotia wakati wa kukoroga, ili mwiko uteleze, hayafungwi. Hutoka baadaye na kuacha vinjia vyembamba visivyoonekana, na kwa vinjia hivyo kisima huvuja. Kwa hiyo yapo makosa mawili yanayokwenda kinyume. Kukoroga rojorojo ni kutia maji mengi mapema. Kuacha kumwagilia ni kunyima maji baadaye, na jua la hapa hukamua lipu mpya kwa siku moja. Lipu ya kisima ifunikwe kwa magunia mabichi siku 7 angalau. Najua ndoo ya maji ina bei huku, na najua mwenye kazi humtazama fundi vibaya anapoomba ndoo za kumwagia ukuta. Mwonyesheni mhadhara huu.

Turudi kwenye tabaka pungufu, kwa sababu huko ndiko sayansi ilikokwenda baada ya kutoka kiwanda cha saruji.

Kwa muda mrefu tundu la oksijeni lilihesabiwa kuwa kasoro. Kisha ikaonekana kwamba tundu ni njia. Mahali palipo wazi, oksijeni ya jirani yaweza kuruka ikaingia, ikaacha tundu lingine nyuma yake, nalo likajazwa na nyingine. Kwa namna hiyo oksijeni husafiri ndani ya kitu kigumu. Oksaidi za ukoo wa braunmileraiti zenye strontiamu na kobalti, au bariamu na indi, huchunguzwa kwa ajili ya seli za mafuta, zile zinazotoa umeme kutoka kwenye hidrojeni au gesi bila kuichoma. Zile za kobalti ukizipa oksijeni hujaza matundu na kuwa perovskaiti kamili. Ukizinyang'anya hurudi kuwa na matabaka.

Mwaka 1986 Georg Bednorz na Alex Müller, katika maabara ya IBM karibu na Zürich, Uswisi, walichukua oksaidi ya lanthani na shaba yenye muundo ule wa Ruddlesden na Popper wa tabaka mojamoja, wakabadilisha sehemu ya lanthani kwa bariamu. Ilipopozwa hadi karibu nyuzi 240 chini ya sifuri, ikaanza kupitisha umeme bila ukinzani wowote. Metali kadhaa zilikuwa zimejulikana kufanya hivyo kwenye baridi kali zaidi, lakini wachache walitegemea hilo kwa oksaidi, ndugu wa vigae na vyungu. Walipewa Nobel mwaka uliofuata tu, 1987, jambo ambalo ni nadra. Mwaka huo huo Paul Chu, Maw-Kuen Wu na wenzao nchini Marekani wakatengeneza oksaidi ya itriamu, bariamu na shaba ambayo hufanya hivyo kwenye nyuzi 180 chini ya sifuri, baridi inayofikiwa kwa naitrojeni ya majimaji.

Oksaidi hiyo ya itriamu nayo ni perovskaiti iliyopungukiwa oksijeni kwa mpangilio. Na ina jambo moja ambalo ningependa kila mwanafunzi alibebe hadi nyumbani. Ikiwa na karibu atomu 7 za oksijeni katika fomula yake, umeme hupita bila ukinzani. Ondoa moja, zibaki 6, na umeme haupiti kabisa. Itriamu haikuguswa, bariamu haikuguswa, shaba haikuguswa. Mtu akikutajia metali zilizomo kwenye oksaidi, bado hajakwambia ni kitu gani.

Mwaka 2023 watafiti wa China walitangaza kwamba oksaidi ya lanthani na nikeli yenye matabaka mawilimawili huanza tabia hiyo kwenye nyuzi kama 193 chini ya sifuri, ikibanwa kwa shinikizo la angahewa zaidi ya laki moja. Matabaka mawilimawili ni ule muundo wa pili wa Ruddlesden na Popper, wa mwaka 1958.

Nikeli mnaijua, iko Kabanga, wilaya ya Ngara. Kinywe kiko hapa jirani, Ruangwa. Kobalti iko Kolwezi, kwa ndugu zetu wa Kongo. Betri ya simu ina kinywe upande mmoja na oksaidi ya matabaka ya lithi na kobalti upande wa pili, kazi iliyoanzia maabara ya John Goodenough huko Oxford mwaka 1980. Oksaidi hiyo si ya ukoo wa perovskaiti, lakini siri yake ni ileile: lithi huingia na kutoka kati ya tabaka na tabaka, na matabaka hubaki. Mimi huwa nachoka kusoma habari za madini yetu zinazoishia kwenye idadi ya tani. Tani ya nikeli ni malighafi. Thamani huanza pale mtu anapojua kuipanga atomu kwa atomu ndani ya tanuri, na kuthibitisha kwa eksirei kwamba imepangika alivyotaka.

Mashine za kuthibitisha hivyo si ndoto tena. Viwanda vingi vya saruji duniani hupima klinka kwa eksirei kila siku, na vijana wa kuziendesha wanahitajika. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2014 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Elimu ya Fuwele, na Januari 2023 wataalamu wa fuwele wa bara letu walikutana Nairobi kwa kongamano lao la tatu. Mwalimu wa kemia wa Newala, kwa maoni yangu, hana haja ya kuanzia Ural. Aanzie na mfuko wa saruji. Achukue vikombe viwili vya saruji na mchanga vilivyokorogwa pamoja, kimoja akizamishe kwenye maji baada ya siku ya kwanza, kingine akianike juani, na siku ya 28 avivunje vyote viwili mbele ya darasa kwa nyundo moja. Halafu awaeleze kwa nini.

Kabla sijapanda hapa, fundi mmoja alinionyesha vipande viwili vya lipu kutoka ukuta mmoja, kimoja cha kijivu kinachoelekea kijani, kingine cha kijivu kinachoelekea kahawia, akaniuliza kama saruji ya pili ilikuwa feki. Si lazima. Rangi ya saruji hutoka karibu yote kwenye braunmileraiti. Ikiwa safi ni ya kahawia. Ikiingiwa na magnesi kidogo, ambayo hutoka kwenye mawe ya chokaa na hutofautiana kutoka machimbo hadi machimbo, hugeuka kuwa nyeusi, na saruji ikawa ya kijivu kilichoiva. Klinka iliyochomwa kwa hewa haba, au iliyopozwa vibaya, nayo hurudi kwenye kahawia. Kwa hiyo rangi inakwambia habari za machimbo na tanuri. Haikwambii saruji itashika vipi. Hilo lijulie kwa tarehe iliyochapwa kwenye mfuko, na kwa kuangalia kama unga umeanza kufanya mabonge yasiyovunjika kwa vidole. Na kwa ukuta utakaobaki bila rangi, nunueni mifuko yote ya kiwanda kimoja kwa siku moja. Mkipungukiwa, malizieni hadi kwenye kona kabla hamjafungua mfuko wa kiwanda kingine.